Mkazo haufuati mkia: shajara ya kukata vitenzi vya Kihispania kwa silabi

Siku ya 1

Mdogo wangu anajifunza Kihispania, na jana alinisomea kwa sauti sentensi mbili zilizofuatana kwenye zoezi lake: *Hablo con ella*, kisha *Habló con ella*. Alizitamka sawasawa, mkazo kwenye silabi ya kwanza mara zote mbili. Nikamwuliza zina tofauti gani. "Kaka, si neno lile lile, hili moja tu wameliwekea kimstari juu?"

Si neno lile lile. La kwanza ni "naongea naye", la pili ni "aliongea naye". Kiswahili hubeba habari hiyo mwanzoni mwa kitenzi, *ni-na-* au *a-li-*, na msikilizaji hawezi kuikosa. Kihispania kimeitundika kwenye mkazo peke yake: HA-blo, ha-BLÓ. Ukikosea mkazo hapo, umebadilisha nafsi na wakati kwa mpigo mmoja.

Nimeamua kuandika programu ndogo. Unaipa umbo lolote la kitenzi, inakurudishia silabi zake, silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa, na sentensi moja ya kueleza kwa nini mkazo umekaa hapo. Sentensi hiyo ndiyo ninayoijali kuliko yote. Mwanafunzi akipewa jibu bila sababu atalisahau kabla ya chakula cha jioni.

Majaribio: nimechagua vitenzi 40. Kila kimoja kina njeo sahili 5 za kuarifu kwa nafsi 6, yaani maumbo 30. Ongeza subjuntivo (hali ya kutaka au kudhania) ya wakati uliopo na ile ya wakati uliopita yenye sura zake mbili (*hablara* na *hablase*), maumbo 18. Ongeza kitenzi-jina (*hablar*), jerandi (*hablando*) na umbo la *hablado*. Ni 51 kwa kila kitenzi, jumla 2,040. Maumbo ya kuamuru nitayashughulikia baadaye kwa sababu yana mambo yake.

Siku ya 2

Konsonanti zimekwisha kwa siku moja. Konsonanti moja kati ya vokali huenda na vokali inayofuata: *co-me*. Zikiwa mbili hugawana: *can-ta*. Isipokuwa zile zinazoshikana, yaani p, b, c, g, f zikifuatwa na l au r, pamoja na tr na dr: *ha-bla*, *a-bre*, *lo-gra*. Herufi pacha ch, ll na rr huhesabiwa kama konsonanti moja: *es-cu-cha*, *lla-ma*, *co-rre*. Zikiwa tatu, tazama mbili za mwisho: zikishikana, huenda pamoja (*com-pra*), zisiposhikana, mbili za kwanza hubaki nyuma (*ins-ta-la*). Zikiwa nne, mbili huku na mbili kule: *trans-cri-be*, *obs-tru-ye*.

Siku ya 4

Vokali zimenitoa jasho, na nimetambua chanzo. Kihispania kina vokali tano, a, e, i, o, u, zile zile za Kiswahili, na matamshi yake hayako mbali na yetu. Ufanano huo umenipotosha. Kwa sikio la Kiswahili kila vokali ni silabi yake: *u-a*, *o-a*, *ka-a*, *nu-nu-a*. Nilipoandika sehemu hii ya msimbo nilifuata sikio langu bila kufikiri mara mbili, nikaagiza kila vokali ihesabiwe kuwa silabi.

Kisha nikaingiza *cambio*, "nabadilisha". Programu ikajibu cam-BI-o. Ilihesabu silabi tatu, ikaweka mkazo kwenye ya pili kutoka mwisho kama kanuni inavyotaka, na ikakosea kabisa. Jibu ni CAM-bio, silabi mbili. Hiyo *io* hutamkwa kwa pumzi moja, i ikiteleza kuelekea o.

Nimeandika upya. Vokali a, e, o nimeziita nzito; i na u nyepesi. Nzito mbili zikikutana huachana: *le-er*, *ca-en*, *cre-e-mos*. Nyepesi ikikaa kando ya nzito, huungana nayo: *cam-bia*, *trai-go*, *pien-so*. Nyepesi isiyo na mkazo katikati ya nzito mbili haimo katika vitenzi vyangu, lakini nzito katikati ya nyepesi mbili zimo tele kwenye nafsi ya *vosotros* ("ninyi"), nazo zote tatu huwa silabi moja: *cam-biáis*, *es-tu-diéis*. Na nyepesi ikiwa ndiyo yenye mkazo, haikubali kumezwa na nzito; husimama peke yake na kuandikwa alama kutangaza hivyo: *en-ví-o*, *ca-í-mos*, *de-cí-ais*.

Linganisha hizo mbili zinazoishia na *-ais*. Katika *cambiáis* mkazo uko kwenye a, hivyo i zote mbili zinaiegemea. Katika *decíais* mkazo uko kwenye i ya kwanza, hivyo i hiyo inajitenga na kuziacha a na i ya pili ziungane. Herufi zile zile nne za mwisho, silabi tofauti, na kinachoamua ni alama ndogo juu ya herufi moja. Nilikaa na jozi hii kwa muda mrefu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alama hii haionyeshi mkazo tu. Mara nyingine ndiyo inayokuambia silabi ziko ngapi.

Mdogo wangu kaniuliza: mbona *cambiar* ni *cambio* bila alama na *enviar* ni *envío* yenye alama, ilhali vitenzi-jina vinafanana? Swali zuri, na jibu lake ni kwamba ukitazama kitenzi-jina huwezi kujua. *Estudiar, copiar, limpiar, anunciar* huenda na *cambiar*. *Confiar, guiar, variar, esquiar, vaciar* huenda na *enviar*. Kwenye *nosotros* ("sisi") vyote hufanana, *cam-bia-mos* na *en-via-mos*, hata ukaingizwa shimoni. Hivyo hukaririwa kitenzi kwa kitenzi, na dawa ni kukariri umbo la "mimi" pamoja na kitenzi-jina.

Vitenzi vya *-uar* vina huruma zaidi. Kabla ya *-uar* kukiwa na g, vokali huungana: *a-ve-ri-guo*. Kwingi kwingine huachana: *ac-tú-o*, *con-ti-nú-o*. Vyenye c, kama *evacuar* na *adecuar*, vinakubaliwa kwa sura zote mbili, *evacuo* na *evacúo*. Na kitenzi *acentuar*, ambacho maana yake yenyewe ni kutia mkazo au alama ya mkazo, kimo kwenye kundi la kuachana: *a-cen-tú-o*. Huwezi kusema "natia alama" kwa maandishi bila kuitia.

Siku ya 5

Hitilafu ya asubuhi: *seguía* imetoka se-gu-í-a. Silabi nne badala ya tatu. Ile u haitamkwi, ipo tu kuilinda g isigeuke kabla ya i. Sasa kabla ya kugusa vokali, programu hutafuta *gu* na *qu* zinazofuatwa na e au i na kuzifunga kama konsonanti moja. *Se-guí-a*, *pa-gue*, *bus-quéis*. Penye nukta mbili juu ya u, kama *averigüe*, u inatamkwa, na programu huiacha iwe vokali: *a-ve-ri-güe*.

Herufi h nayo. Nilikuwa nimeiweka miongoni mwa konsonanti, maana kwetu h ni sauti kamili. Kwa Kihispania ni bubu, na vokali mbili hukutana juu yake kana kwamba haipo. *Prohíben* ilitoka sahihi, *pro-hí-ben*, lakini kwa bahati. *Prohibimos* ndiyo iliyonifichulia kosa: programu ilitoa silabi nne, wakati kwa kanuni ya tahajia o na i zimeungana kuvuka h, *prohi-bi-mos*, tatu. Ndiyo sababu *prohíbo* huandikwa alama: i imepata mkazo, imejitenga, na h iliyo katikati haitoshi kumjulisha msomaji. Hali kadhalika *rehúso* na *ahúmo*.

Siku ya 8

Leo mkazo. Kanuni ni fupi. Neno likiishia vokali, n au s, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Likiishia konsonanti nyingine, uko kwenye ya mwisho. Neno lisilotii mojawapo huandikwa alama. Waliojifunza shuleni wanazijua kwa majina: *aguda* mkazo ukiwa mwisho, *llana* ukiwa wa pili kutoka mwisho, *esdrújula* wa tatu, *sobresdrújula* ukirudi nyuma zaidi.

Kwa nini n na s zihesabiwe pamoja na vokali? Kwenye vitenzi jibu linaonekana wazi. Chukua *habla*. Ongeza s upate "wewe", *hablas*. Ongeza n upate "wao", *hablan*. Mkazo haukusogea hata kidogo. Kama kanuni ingezihesabu n na s kama konsonanti nyingine, ingebidi kuandika alama kwenye karibu kila ukurasa. Sisi tuliozoea mkazo wa pili kutoka mwisho, ambao ndio wa Kiswahili karibu siku zote, tunapata hapa pa kuanzia bila kugharimika: *HA-blo, HA-blas, ha-BLA-mos, HA-blan*. Soma kama Kiswahili na umepatia.

Taabu huanza pale mapacha wanapotokea. *Hablo* na *habló*. *Hable* (aongee) na *hablé* (niliongea). *Hablara* na *hablará*, la kwanza ni la subjuntivo, la pili "ataongea". Halafu wale watatu wa tumbo moja: *término* ni jina, "kikomo"; *termino*, "namaliza"; *terminó*, "alimaliza". Hivyo hivyo *cálculo, calculo, calculó* na *depósito, deposito, depositó*. Kwetu jozi za namna hii ni chache, kama *barabara* ya kupita magari na *barabara* ya "sawasawa kabisa", na hatuziandikii alama. Kihispania kina mamia, na takriban zote zimezaliwa na vitenzi.

Kidogo kuhusu y: mwishoni mwa neno hutamkwa kama i, lakini kanuni ya alama inaihesabu kama konsonanti. Kwa hiyo *estoy* ni es-TOY na haina alama.

Siku ya 9

Faili moja la maneno limenivurugia kila kitu. *Hablábamos* ilitoka ha-bla-BA-mos, na alama ipo machoni pangu, juu ya a ya pili! Nilihesabu herufi kwa programu. *Habló*, neno la herufi tano, lilikuwa na sita. Kumbe herufi á inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili: kama herufi moja kamili, au kama a ya kawaida ikifuatwa na alama iliyojitenga. Kwenye skrini hazitofautiki. Programu iliona a tupu, kisha kitu isichokijua, ikakichukua kama konsonanti. *Habló* ikatoka sahihi kwa sababu tu "konsonanti" hiyo ilikuwa mwisho wa neno. Sasa kabla ya hatua yoyote naunganisha herufi na alama zake. Ñ na ü zilikuwa na ugonjwa huo huo, zimepona kwa dawa hiyo hiyo.

Lakini ha-bla-BA-mos imebaki kichwani. Nitairudia.

Siku ya 13

Nimerudi kwenye kosa la siku ile, kwa sababu si kosa la ovyo. Kilatini kilisema *amabāmus*, mkazo kwenye BA. Mkazo wa Kilatini ulifuata urefu wa silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo ilikuwa ndefu. Kihispania kiliurudisha nyuma: *amábamos*. Sababu ni majirani zake: *a-MA-ba, a-MA-bas, a-MA-ban*. Wote wameshika MA. "Sisi" na "ninyi" ndio waliokuwa wakisogea, mwishowe wakafuata wenzao. Ndivyo ilivyo pia kwa *ha-BLÁ-ra-mos* na *co-MIÉ-ra-mos*. Programu sasa inaeleza hivi kwa njeo hizo: "Mkazo umeshika silabi moja kwa nafsi zote." Sentensi hii moja inatosha kumkumbusha mwanafunzi kwa nini kuna alama kwenye *hablábamos* na hakuna kwenye *hablaban*.

Wakati uliopo haukufanya hivyo. Pale mkazo bado hutembea: kwenye mzizi kwa mimi, wewe, yeye na wao, kwenye mwisho kwa sisi na *vosotros*. *PIEN-so, PIEN-sas, PIEN-sa*, lakini *pen-SA-mos*. *PUE-do*, lakini *po-DE-mos*. Wanafunzi hufundishwa kwamba e "hugeuka" ie kwenye baadhi ya nafsi, na huchorewa kiatu kwenye jedwali wakariri. Mimi nasema waonyeshwe mkazo. E na o fupi za Kilatini zilipasuka kuwa ie na ue pale zilipopigwa mkazo, na zilibaki nzima pale mkazo ulipokuwa kwingine. Ukijua mkazo uko wapi, unajua vokali ipi itatokea. Nimeongeza mstari huo kwenye maelezo ya kila kitenzi cha aina hii, na naona ndiyo sehemu bora ya mradi mpaka sasa.

Wakati ujao ni hadithi nyingine. *Hablaré* ilikuwa maneno mawili, kitenzi-jina na kitenzi *haber* nyuma yake. Tazama mikia: *-é, -ás, -á, -emos, -éis, -án*, kisha tazama *he, has, ha, hemos, habéis, han*. Neno la pili lilikuja na mkazo wake na halikuuachia. Ndiyo maana njeo nzima ina alama, isipokuwa *hablaremos* ambayo mkazo wake umeangukia pale pale kanuni inapoutarajia.

Wakati uliopita una vitenzi vikaidi: *dijo, hizo, puso, tuvo, quiso*. Mkazo kwenye mzizi, hakuna alama. Aliyezoea *habló* na *comió* ataandika *dijó* bila kusita. Mdogo wangu ameandika hivyo leo. Nimeongeza onyo.

Siku ya 17

Maumbo ya kuamuru, na viwakilishi vinavyogandishwa nyuma ya kitenzi. Hapa Kiswahili na Kihispania huachana mikono kabisa.

Kwetu, ukirefusha kitenzi, mkazo husogea: nu-NU-a, nu-nu-LI-a, nu-nu-li-A-na. Unafuata mkia popote uendako. Kihispania: *COM-pra*, nunua. *CÓM-pra-la*, kinunue. *CÓM-pra-me-la*, ninunulie hicho. Mkia umeongezeka silabi mbili na mkazo haujatikisika. Kwa kuwa sasa uko mbali na pale msomaji anapoutarajia, alama lazima iandikwe. *Com-PRAN-do* huwa *com-PRÁN-do-me-la*. *DI-me* haina alama, *DÍ-me-lo* inayo.

Mdogo wangu alisoma cóm-pra-ME-la mara tatu mfululizo. Mdomo wake ulijua mkazo unakaa wapi, ukaupeleka huko. Tulipiga meza kwa kidole kwenye CÓM na kuziacha silabi nyingine zipite haraka. Mara ya nne akapatia. Nimeweka kwenye programu sauti fupi ya kugonga kwenye silabi yenye mkazo.

Rafiki wa Argentina amenitumia maumbo ya *vos*, "wewe" ya kwao badala ya *tú*, na yamenifungua macho. *Tú* huambiwa *háblame*, *vos* huambiwa *hablame*. Si kwamba alama imesahauliwa: umbo la *vos* ni *hablá*, mkazo mwishoni, ukiongeza *me* unakuwa wa pili kutoka mwisho, na kanuni haihitaji alama tena. Bora zaidi ni "kaa": *siéntate* kwa *tú*, *sentate* kwa *vos*. Mkazo umetoka kwenye mzizi, na ie imerudi kuwa e. Yale niliyoandika siku ya 13 kuhusu *pienso* na *pensamos* yanaonekana hapa ndani ya amri moja, kwa watu wawili wanaosema lugha ile ile.

*Vamos* na *nos* huwa *vámonos*, s ya kwanza ikidondoka. *Sentad* na *os* huwa *sentaos*, d ikidondoka. Kanuni mbili, dakika kumi.

Siku ya 20

Maandishi ya zamani. Nimeingiza kurasa za kitabu kilichochapwa miongo mingi iliyopita na programu imelalamika kuhusu *fué*, *dió* na *vió*. Kanuni mpya za Real Academia Española za mwaka 1952, zilizokuwa za lazima kuanzia 1959, ziliondoa alama hizo, kwa kuwa neno la silabi moja halina pa kukosea mkazo. Hilo ni rahisi.

Kigumu ni *guió, crió, rió* na *huí*. Kwa wasemaji wengi ni silabi mbili, *gui-ó*. Kwa wengine wengi ni moja. Tahajia ya 1999 ilizihesabu kuwa silabi moja lakini ikawaruhusu wanaozitamka kwa mbili kuendelea kuandika alama. Ile ya 2010 ikafunga mlango: *guio, crio, rio, hui*, bila alama. Kwa hiyo *río* (nacheka) ina silabi mbili, na *rio* (alicheka) ina moja. Programu itakubali sura ya zamani, itaonyesha ya sasa, na itataja miaka. Sitaki mwanafunzi aliyeshika kitabu cha 1980 aambiwe kitabu chake kimekosea. *Déme* na *estáte* nazo nimezitendea hivyo. Tangu 1999 ni *deme* na *estate*.

Siku ya 23

*Subrayo* imetoka su-bra-yo. Sahihi ni *sub-ra-yo*: r hiyo hutamkwa kwa nguvu kama mwanzoni mwa neno, b haishikani nayo. Lakini *sublevo* ni *su-ble-vo*. Nimeweka *subrayar* na *subrogar* kwenye orodha ya vighairi. *Deshago* nayo: sauti hugawanyika *de-sa-go*, lakini ukikata neno mwishoni mwa mstari unaandika *des-hago*, mstari usianze na *sh*. Nimeonyesha zote mbili.

Maumbo yote 2,040 yamepita, isipokuwa kundi moja nililolisimamisha kwa makusudi: *huía, construía, construíais*. Kanuni ya maandishi inasema nyepesi mbili tofauti zikikutana huungana daima, basi ni *cons-truí-a* na *cons-truí-ais*. Rafiki wa Argentina nilimwomba aseme *huía* polepole, akasema hu-í-a, tatu, bila shaka yoyote. Nimeamua programu itoe mgawanyo wa maandishi, na chini yake mstari usemao kwamba kinywani wengi huzitenganisha u na i. Mkazo ni ule ule kwa vyovyote, kwenye í. Kesho namkabidhi mdogo wangu.